Safari na Uzururaji

Kila lugha ina maneno mengi ya kuutaja mwendo wa mwanadamu, na maneno hayo hayakupewa heshima sawa. Mtu aliyeondoka Runyenjes alfajiri kwa miguu akafika mjini Embu mchana aweza kuitwa msafiri, au mgeni, au mpita njia, au mhamiaji, au mkimbizi, au mzururaji. Miguu yake ni ile ile, barabara ni ile ile, na jua lililomchoma ni lile lile. Lakini jina moja kati ya hayo humfungulia mlango akakaribishwa uji, na jingine humfungia mlango, na pengine humpeleka kituo cha polisi. Basi yafaa tujiulize: majina haya hutoka wapi? Je, hutoka katika mwendo wa mtu mwenyewe, au hutoka katika macho ya wale wamtazamao akipita? Swali hili laonekana dogo, lakini ukilifuata, msomaji, utaona kwamba watu wamefungwa, wamechapwa na wamechomwa moto kwa sababu ya jibu lake.

Tuanze na Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha tunayozungumza humu. Safari ni neno lililotoka katika Kiarabu, nalo lina heshima kubwa: mwenye safari ana mahali alipotoka, ana mahali aendako, na aghalabu ana sababu. Waingereza walilichukua neno hili katika karne ya 19 wakalitia katika lugha yao, ingawa kwao limepungua maana, likawa hasa ni matembezi ya kuwinda au kutazama wanyama. Kuzuru nako kuna heshima. Rais huzuru nchi jirani, na wajukuu huzuru kaburi la babu yao. Lakini ongeza silabi moja tu mwishoni mwa kitenzi hicho, useme kuzurura, na heshima yote imemwagika. Anayezuru hupigiwa ngoma. Anayezurura hupigiwa kelele. Silabi moja imesimama kati ya mapokezi na aibu.

Kiswahili kina njia nyingine ya kuuondolea mwendo heshima yake, nayo ni kukirudia kitenzi. Kuhama ni kuondoka hapa na kwenda kukaa kule. Kuhamahama ni kutokaa popote. Kuzunguka ni kufuata duara mpaka mwisho wake. Kuzungukazunguka ni kukosa mwisho. Ni kama kwamba lugha yenyewe yasema: mwendo wenye shabaha hutajwa mara moja ukatosha, na mwendo usio na shabaha hurudiwa katika kinywa kama unavyojirudia njiani. Katika jambo hili mna hekima, nami siipingi. Lakini angalia. Mama amemtuma mwanawe dukani, kisha akamtuma kwenye mashine ya kusaga unga, kisha akamtuma kwa shangazi yake ng'ambo ya mto. Mama ajua kwamba mtoto amekwenda. Jirani aliyeketi barazani kwake, asiyejua habari za kutumwa, amwona mtoto yule yule akipita mara tatu, naye asema: "Mtoto huyu anazungukazunguka tu." Mama amesema kweli, na jirani amesema alichokiona. Tofauti yao haimo katika miguu ya mtoto. Imo katika kujua na kutojua.

Waingereza nao wana maneno mengi ya namna hii, na mwanafunzi huyakuta katika vitabu vyake kila siku bila kufikiri habari za asili yake. Neno vagabond, yaani mtu asiye na makao, limetoka katika kitenzi cha Kilatini vagari, ambacho maana yake ni kutangatanga. Kutokana na mzizi huo huo wamepata vague, yaani jambo lisilo wazi, kwa kuwa wazo hilo latangatanga wala halina mahali pa kusimama. Wamepata pia extravagant, ambalo mwanzoni lilikuwa na maana ya kutangatanga nje ya mipaka, na siku hizi hutajwa juu ya mtu abadhiriye mali yake. Kitenzi kingine cha Kilatini, errare, nacho kilikuwa na maana ya kutangatanga, na ndicho kilichozaa neno error, yaani kosa. Kwa Warumi, basi, kuiacha njia ya miguu na kuiacha njia ya haki vilikuwa neno moja. Sisi nasi tumefanya vivyo hivyo, kwa maana twasema "amepotea" juu ya mtu aliyeikosa njia katika msitu wa Mlima Kenya, na twasema "amepotea" juu ya kijana aliyeharibika tabia.

Hata neno travel, ambalo wengi hulidhani kuwa ni la raha, lina maumivu ndani yake. Wataalamu hulihusisha na trepalium, chombo cha vigingi vitatu kilichotumiwa zamani kutesea watu. Zamani kusafiri kulikuwa ni kuteseka, na aliyezaliwa kabla ya magari hahitaji kufunzwa jambo hilo na kamusi.

Tena yako maneno ambayo watu wameyavika asili wasiyokuwa nayo. Mwandishi wa Marekani, Henry David Thoreau, katika insha yake juu ya kutembea iliyochapishwa mwaka 1862, alieleza kwamba saunter, yaani kutembea polepole bila haraka, lilitokana na jina la Nchi Takatifu katika Kifaransa, kwa sababu zamani watu walizunguka wakiomba sadaka na kudai kwamba wanakwenda huko. Wataalamu wa lugha hawaikubali asili hiyo. Lakini angalia kosa lenyewe lilivyo: mtu aliyependa kutembea alitafuta njia ya kumpa mtembezi heshima ya haji. Kinyume chake, watu wa jamii ya Roma, waliozoea kusafiri na familia zao kutoka mji hadi mji wa Ulaya, waliitwa na Waingereza Gypsies, kwa kudhaniwa kuwa wametoka Misri, hali asili yao ni Bara Hindi. Jina hilo limebaki kuwa ukumbusho wa watu waliopewa jina kabla ya kuulizwa habari zao.

Lakini katika maneno yote ya Kiingereza ya namna hii, lenye mafundisho kuliko yote ni planet. Wayunani wa kale walipotazama juu usiku waliona nyota zisizohesabika zikienda pamoja kwa mpango mmoja, kila moja ikishika nafasi yake kati ya wenzake. Waliona pia nyota chache zisizoufuata mpango huo. Nyota hizo zilikwenda mbele, zikasimama, zikarudi nyuma, kisha zikaendelea tena. Wayunani wakaziita planetes, yaani zenye kutangatanga. Waarabu waliziita kwa neno la kwenda, na kwao sisi tumepata neno sayari, ambalo ni la mwendo tu wala halina lawama. Kwa karne nyingi watu wenye akili walisumbuka kutafuta sababu ya mwendo ule. Mwaka 1609 Mjerumani Johannes Kepler alionyesha kwamba Mirihi hulizunguka jua katika njia ya duaradufu, na mwaka 1619 akaongeza kanuni inayolinganisha muda wa mzunguko wa kila sayari na umbali wake kutoka jua. Ikadhihirika kwamba nyota zile hazikutangatanga hata usiku mmoja. Kila moja ilikuwa na njia yake, tena njia iliyonyoka katika sheria kuliko barabara yoyote iliyopata kujengwa na watu. Zilionekana kurudi nyuma kwa sababu mtazamaji alikuwa amesimama juu ya dunia ambayo nayo ilikuwa ikienda, naye hakujua.

Hilo ndilo neno langu kubwa katika insha hii. Mara nyingi tumwitapo mtu mzururaji tunadhani tumetoa habari zake, kumbe tumekiri tu kwamba hatuijui njia yake. Tena twasahau kwamba sisi tunaomtazama hatukusimama tuli. Tuna haraka zetu, hofu zetu na mazoea yetu, navyo hulipotosha jicho kama dunia iendayo ilivyolipotosha jicho la Myunani.

Ukitaka mfano ulio karibu, simama juu ya vilima vya Meru upande wa kaskazini, ulitazame bonde kavu linaloteremka kuelekea Isiolo. Juu ni mashamba ya kahawa na chai, ambamo mtu hukaa mahali alipokaa babu yake na kuujua mpaka wake kwa mti na jiwe. Chini ni nchi ya wafugaji, Waborana na Wasamburu, Waturkana na Wasomali. Mkulima akimwona mfugaji akipita na ng'ombe wake leo hapa na kesho kule, husema kwamba watu hawa hawana kwao. Lakini mfugaji ajua ni kisima gani chenye maji mwezi huu, ni zamu ya nani kunywesha, na ni malisho gani yaachwe yapumzike mpaka kiangazi kikali. Waingereza humwita nomad. Neno hili limetoka katika Kiyunani, katika mzizi wenye maana ya kugawa na kulisha. Na katika mzizi huo huo lilitoka neno nomos, ambalo maana yake ni sheria. Mhamaji na sheria, basi, ni ndugu wa tumbo moja. Wayunani waliochelewa kuuelewa mwendo wa sayari walikuwa wameuelewa mwendo wa mchungaji.

Wala usidhani, msomaji wa Meru au Embu, kwamba habari hizi ni za watu wengine. Wazee wa Kimeru wamesimulia kwa vizazi vingi kwamba babu zao walikaa Mbwaa, mahali penye maji makubwa upande wa pwani, chini ya mabwana walioitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Mabwana hao waliwatesa kwa kuwapa kazi zisizowezekana: watengeneze kiatu chenye manyoya ndani na nje, wafue mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Mwisho watu wakaondoka chini ya kiongozi ambaye masimulizi humwita Koomenjoe, wakayavuka maji. Waliovuka usiku wakaitwa weusi, waliovuka kulipopambazuka wakaitwa wekundu, na waliovuka mchana wakaitwa weupe. Na mgawanyo huo ukadumu katika koo zao. Baada ya kuvuka walikwenda kwa muda mrefu kupita nyikani, mpaka wakafika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Waembu, kwa upande wao, husimulia habari za Mwenendega, aliyemkuta mwanamke penye maji akamwoa, na kichaka chake kitakatifu hutajwa mpaka leo karibu na Runyenjes. Kwa hiyo masimulizi mashuhuri ya Meru huanza kwa kuondoka, na ya Embu huanza kwa kukutana. Na kukutana nako ni lazima mmoja awe ametembea.

Sasa fikiri. Kama askari angaliwakuta watu wa Koomenjoe katikati ya nyika, kabla hawajauona mlima, angaliwaita nani? Hawakuwa na makao. Hawakuwa na barua ya mtu yeyote. Hawakuweza kunyosha kidole na kuonyesha waendako, kwa maana walikuwa hawajapajua. Kwa kila kipimo cha sheria zilizokuja baadaye walikuwa wazururaji watupu. Lakini wao wenyewe hawakujisimulia hivyo hata siku moja. Walijisimulia kuwa watu waliokataa kuonewa, na saa ya kuvuka kwao wakaifanya kuwa jina la ukoo. Mwendo ambao mgeni angaliuona kuwa ni upotevu ndio waliouweka kuwa msingi wa kabila zima.

Nimetaja sheria, na hapa ndipo swali letu linapoacha kuwa la kamusi. Katika karne ya 14 tauni kuu iliua watu wengi mno Uingereza. Vibarua wakawa wachache, na waliosalia wakaanza kutembea kutafuta mshahara ulio bora. Mwaka 1388 bunge likaamuru kwamba kibarua asiondoke katika eneo lake bila barua ya ruhusa. Mwaka 1547 ilitungwa sheria iliyoruhusu mtu mzima wa mwili asiye na kazi achomwe kifuani kwa chuma cha moto alama ya herufi V, ambayo ni mwanzo wa neno vagabond, na afanywe mtumwa kwa miaka miwili. Sheria hiyo ilikuwa kali hata kwa watu wa wakati ule, ikafutwa mwaka 1550. Mwaka 1824 ikaja sheria nyingine ya wazururaji, iliyowaadhibu hata waliolala nje kwa kukosa nyumba. Tazama jinsi neno lilivyokua: lilianza kuwa maelezo ya mwendo, likawa lawama, likawa kosa la jinai, likawa kovu katika nyama ya mwanadamu.

Sheria za namna hiyo zilipanda meli zikaja Afrika Mashariki pamoja na ukoloni. Mwaka 1915 ilipitishwa nchini Kenya sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika. Ilipoanza kutumika baada ya Vita Kuu vya Kwanza, kila mwanamume alitakiwa kuchukua kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi zake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Aliyeiacha kazi bila mwajiri wake kutia sahihi katika kipande alihesabiwa kuwa mtoro. Barua ya mwaka 1388 ilikuwa imefufuka mbali na kwao. Jambo la kustaajabisha ni kwamba waliozileta sheria hizo waliitwa na wenyeji Wazungu, jina ambalo wengi hulihusisha na kuzunguka. Watu waliozunguka bahari na mabara walimwuliza mtu aliyezaliwa chini ya mlima ule kwa nini anatembea.

Kisha ikaja siku iliyo mbaya zaidi. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, nayo ikadumu mpaka mwaka 1960. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatakiwa kuwa na vibali ili waweze kutoka mahali hadi mahali. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi, wakawakamata watu wa makabila hayo matatu majumbani na makazini, na zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini. Huku nyumbani watu wengi waliondolewa katika mashamba yao wakaingizwa katika vijiji vya kulindwa, wasitoke ila kwa saa zilizowekwa. Waliokamatwa mjini hawakuulizwa kila mmoja njia yake na kazi yake. Kabila lilikuwa limekwisha kutoa jibu kwa niaba yao.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, neno halikuondoka pamoja na bendera ya zamani. Sheria ya uzururaji ilibaki katika vitabu vya Kenya mpaka ilipofutwa mwaka 1997. Kwa jirani zetu wa Tanzania, mwaka 1983 iliendeshwa kampeni iliyoitwa Nguvu Kazi, na watu wa mijini walioonekana hawana kazi walikamatwa ili wapelekwe mashambani. Lakini yako mambo ya kufurahia pia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 39, inampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi mahali popote katika nchi. Na tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa humwadhibu mtu kwa hali aliyo nayo badala ya tendo alilolitenda. Ilichukua zaidi ya karne sita tangu barua ile ya mwaka 1388 mpaka maneno hayo kutamkwa katika ardhi yetu.

Huenda msomaji mwenye busara akanipinga hapa. Atasema: "Mwalimu, je, hakuna wazururaji kweli? Hatuwaoni vijana wenye afya wakikaa sokoni tangu asubuhi hadi jioni, wakicheza kamari, wakirudi nyumbani kula jasho la mama zao?" Naam, wapo. Uvivu si hadithi iliyobuniwa na wakoloni. Wazee wetu waliuchukia kabla mkoloni hajazaliwa, na mzazi amwonyaye mwanawe juu ya uvivu hamwonei. Tena mtu aliyezoea kutokuwa na shabaha huchakaa ndani kama jembe lililoachwa kwenye umande. Sitaki ufunge kitabu hiki ukidhani kwamba kila mwendo ni safari kwa sababu tu una miguu.

Lakini jibu langu ni hili. Uvivu ni jambo la moyoni, na jicho haliuoni moyo. Vijana wawili wamesimama penye kituo cha magari mjini Meru, mikono mifukoni. Mmoja amemkimbia baba yake shambani. Mwingine amekwenda tangu alfajiri kutafuta kibarua cha kuchuma chai, akaambiwa nafasi zimejaa, naye afikiri kama apande mpaka Maua kuulizia kazi katika miraa au arudi nyumbani mikono mitupu. Kwa macho wako sawa. Anayewaita wote wawili wazururaji amempata mmoja kwa bahati, na mwingine amemdhulumu. Na ajabu ya dhuluma hii ni kwamba humfanya mtu awe kile alichoitwa. Kwa maana aliyefukuzwa kila mahali alipouliza kazi mwisho huacha kuuliza.

Watazame nao watoto walalao barazani mwa maduka, tunaowaita chokoraa, neno ambalo wengi hulieleza kwa kitenzi kuchokora, kwa sababu huchokora mapipa ya taka wakitafuta chakula. Jina hilo lataja mikono yao tu. Halitaji nyumba walizozikimbia, wala mzazi aliyekufa, wala fimbo ya mlevi, wala njaa. Kila mmoja wao alitoka mlango fulani, siku fulani, kwa sababu fulani. Watu wa Mbwaa nao walitoka kwa sababu.

Nawe, kijana, usijione uko mbali. Utakapomaliza kidato cha nne utaanza kutembea na bahasha ya vyeti vyako kutoka ofisi hadi ofisi. Utaambiwa uje kesho, na kesho utaambiwa uje wiki ijayo. Katika siku hizo jirani aliyeketi barazani kwake atakuona ukipita mara tatu. Ndipo utakapoijua thamani ya mtu mmoja atakayekusimamisha na kukuuliza kwa upole, "Mwanangu, unatafuta nini?"

Swali hilo ni la zamani kuliko sheria zote nilizozitaja. Katika boma za Meru na Embu mgeni hupewa kwanza kitu cha kutia kinywani, ndipo aulizwe ametoka wapi na ni wa ukoo gani. Na mara nyingi ukoo ukitajwa huonekana kwamba mgeni ni shemeji au mjomba wa mtu fulani. Watu wa pwani nao husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hiyo kumfukuza mgeni, lakini isome tena kwa utulivu. Haisemi apewe kofi, wala haisemi apelekwe korokoroni. Yasema apewe jembe, maana yake aingizwe katika kazi ya nyumba, awe mmoja wa watu wa shamba. Humo mna haki zote mbili: haki ya mgeni ya kutoulizwa maswali ya ukali, na haki ya mwenyeji ya kutolisha mvivu. Jembe hudhihirisha kile ambacho jicho haliwezi kukiona. Akilishika, alikuwa msafiri. Akilikataa siku baada ya siku, amejitaja mwenyewe.

Limebaki jambo moja, nalo linakuhusu wewe peke yako. Ikiwa ni vigumu kuujua uzururaji wa mwingine, uzururaji wako waweza kuujua bila shida, kwa kuwa moyo wako uko wazi mbele yako. Mwanafunzi aweza kukaa katika dawati lake tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho, sare safi, kitabu wazi, na fikira zake zisikae hata dakika kumi mahali pamoja. Hakuna askari atakayemkamata, wala hakuna jirani atakayemsema, kwa sababu mwili wake umetulia. Lakini ametangatanga kutwa nzima, na jioni hajafika popote. Wakati huo huo mchungaji wa Isiolo, anayeitwa mtu asiye na kwao, amelifikia lile bwawa alilolikusudia juma lililopita. Nani kati yao aliyesafiri?

Basi, msomaji wangu, lichunge neno hili. Litumie bila huruma juu ya nafsi yako, maana huko unazo habari zote. Lakini juu ya mwenzako lizuie mpaka utakapouliza: umetoka wapi, na unakwenda wapi? Ukiuliza na kusikiliza, mara nyingi utaona kwamba njia ilikuwako tangu mwanzo, na kwamba palipokosekana kitu ni katika macho yako. Na hata pale utakapomkuta mtu asiyeijua njia yake mwenyewe, utakuwa umemkuta katika hali ambayo swali lako ndilo la kwanza alilolisikia kwa siku nyingi. Huenda akaanzia hapo kulitafuta jibu.